Daktari anasema ubongo wa kaka umekufa, lakini vidole vimekunja. Tufanyeje?

Mwana wa Mikindani: Wakuu shikamooni. Kaka alianguka na bodaboda akitokea Tandahimba, leo siku ya nne yuko ICU hapa Mtwara, kwenye mashine ya kupumulia. Jana daktari katuita: damu imevujia kichwani, ubongo umekufa. Bibi hataki kusikia. Mkono una joto, kifua kinapanda na kushuka, na mama alipomsugua unyayo vidole vikakunja. "Maiti gani anakunja vidole?" Kesho mimi ndiye natakiwa kujibu kama mashine iondolewe.

Korosho Ghafi: Pole sana. Msikubali! Binamu yangu alilala wiki tatu hajitambui, leo anapulizia mikorosho.

Nesi wa Zamu: Korosho, huyo alikuwa kwenye koma, hajitambui ila ubongo bado hai, si hili. Mwana, pole mdogo wangu. Moyo una umeme wake, unadunda bila ubongo alimradi mashine inaleta hewa, ndiyo maana ana joto. Vidole ni kazi ya uti wa mgongo, kichwani haifiki. Hata mikono huweza kunyanyuka. Niliwahi kuona, usiku huo sikulala. Usibishane na daktari, muulize wamepima nini. Dawa za usingizi zimeisha mwilini? Joto na presha viko sawa? Wamemulika mboni, wamegusa jicho kwa pamba, wametia maji ya barafu sikioni, wamesukuma mrija kooni waone kama atakohoa? Zito ni la mwisho: anajazwa oksijeni, mashine inachomolewa, wanamtazama kifua na tumbo dakika 8 hadi 10, na kaboni dayoksaidi kwenye damu, ile inayousukuma ubongo uvute pumzi, lazima ifike milimita 60 za zebaki. Asipovuta pumzi hata moja, ndiyo basi. Omba usimame hapo uone.

Mkulima Nachingwea: Hilo la dawa ulikazanie. Kwetu kijana aligongwa na nyoka, akalegea hata kope hazinyanyuki, watu wakaanza kuulizana majembe. Sumu ilipoisha akaomba uji.

Nesi wa Zamu: Kweli kabisa, ndiyo maana sharti la kwanza sababu ijulikane. Huyu picha ya kichwa ipo?

Mwana wa Mikindani: Ipo. Ametuonyesha, nusu nzima nyeupe.

Ustadhi wa Lindi: Kama shaka ni ya dini: wanazuoni waliokutana Amman mwaka 1986 walikubali kuwa hicho ni kifo. Wa Makka, 1987, wakasema mashine yaweza kuondolewa, ila kifo kihesabiwe moyo ukisimama. Pande zote mbili, kuchomoa si kuua.

Mwana wa Mikindani: Nimetoka ndani sasa hivi. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani, dakika kumi, shuka halikutikisika. Bibi nimemweleza kwa mfano wa kuku aliyechinjwa. Kanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kuku namjua." Sasa anauliza nani atampigia shemeji Newala.