Eti nikitaka spidi nikanunue bodaboda!! Huyu jamaa anayeuza ram (kumbukumbu za kompyuta) amenidhalilisha leo

Wakuu nimetoka pale sasa hivi na hasira zote nimekuja nazo humu. Jina sitaji, hakuna haja, kila aliyewahi kutafuta ram Kariakoo anamjua, yule wa ghorofani mwenye kiti cha kuzunguka, ukimuuliza swali anakuangalia viatu kwanza ndo aamue kama akujibu.

Nilichukua kwake ram mbili za 8GB, DDR4 (kizazi cha nne cha hizi ram), boksi limeandikwa spidi 3200 kwa maandishi makubwa utadhani bango la kampeni. Nafunga, nawasha, nafungua Task Manager ya Windows inayoonyesha spidi, nakuta 2133. Mimi naedit video za harusi, mashine ina prosesa ya AMD Ryzen 5 3600, na hizi Ryzen njia za ndani ya prosesa zinaenda na mwendo wa ram, ram ikilala na prosesa inasinzia. Bi harusi anapiga simu video iko wapi, mi nipo asilimia 4 mpaka ndevu zinaota.

Nikarudi kwa adabu zote, shikamoo nimempa na umri wetu mmoja! Namwonyesha picha ya 2133, jamaa akageukia wateja, duka limejaa, akasema "huyu anataka spidi, si akanunue bodaboda." Bodaboda!! Duka zima likaangua kicheko, hadi mama mmoja aliyefuata waya wa chaja tu, ram hajui inaliwa au inavaliwa, naye anajishika mbavu.

Halafu ananivuta pembeni eti 3200 imefungwa, kuifungua elfu 40. Elfu 40 kufungua kitu nilichokilipia!

Nimefika geto nikagugo. Kompyuta ikiwa inawaka unabonyeza Delete, unaingia BIOS (mipangilio ya bodi mama yenyewe, kabla Windows haijaanza), kuna kitu kinaitwa XMP (bodi zingine za AMD wanaita DOCP), kimezimwa, unakiwasha, F10, inajizima inawaka. 3200 hiyo hapo. Ram zote za hivi zinawaka kwanza kwa spidi ndogo ili bodi yoyote iweze kuziwasha, ile ya kwenye boksi imehifadhiwa kwenye kachip kadogo juu ya ram yenyewe pamoja na volti zake, 1.35 badala ya 1.2, we unaiambia bodi tu ikasome. Intel walileta hii kitu 2007! Na alikuwa anajua, maana asingejua asingetaja bei. Alishindwa nini kusema "ingia BIOS washa XMP"? Yeye akaona bora bodaboda, mbele ya watu, na yule mama anacheka.

Kibatari: Hahaha we mzee bodaboda gani umeamua, ya kichina au ya kihindi

DadaGrafiksi: Huyo huyo!! Mi alinambia kompyuta yangu "ina usingizi wa kike". Nilitamani nimrushie kibodi.

Fundi Mstaafu: Pole kijana. Ila wenye bodi za Intel za H410 msikimbilie BIOS mkaanza kutukana watu, zile na prosesa ya i5 zinaishia 2666 hata uweke ram ya dhahabu. Na ram mbili kwenye nafasi nne weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ukizibananisha zinafanya kazi njia moja badala ya mbili.

Mpemba wa Tandika: Mi nimewasha hiyo XMP, ile programu ya kupimia ya CPU-Z inasoma 1600. Nimeibiwa nusu??

Kibatari: Zidisha mara mbili mkuu, DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo, 1600 ndo 3200 hiyo. Usiende kwa jamaa atakupa bajaji

Mpemba wa Tandika: Aah. Nilishavaa viatu tayari.

Aliyeanzisha uzi: Mnacheka lakini hamkuwepo. Ile sauti aliyotumia kusema bodaboda hata mdogo wako humwambii hivyo.

Kaka Rendaa: Afadhali yako wewe, mi nimejilipua na Ryzen 7000 na DDR5, nikawasha EXPO (ndo XMP ya AMD kwa DDR5) skrini ikawa nyeusi, nikajua nimeunguza mahari ya mtu. Nikachomoa umeme, nikawasha, nyeusi tena.

Fundi Mstaafu: Ndo kosa lenyewe kuchomoa. DDR5 ikibadilishwa mpangilio bodi inaipima ram upya, inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini haina kitu. Subiri. Ikigoma kabisa ndo unafuta CMOS, mipangilio ya BIOS irudi ya kiwandani.

Kaka Rendaa: Nisubiri vipi mkuu na umeme wa mtaa wetu? Ikifika nusu ya kupima, giza.

DadaGrafiksi: Mtaa gani huo? Maana kwetu tangu asubuhi hola, nina nyama kilo 3 kwenye friji

Kibatari: Dada nyama ilete huku, kwetu umeme upo

Aliyeanzisha uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Bodaboda!! Mbele ya watu!!

Mpemba wa Tandika: Kweli kakukosea mkuu. Ila samahani, anazo DDR3 za laptopu za 4GB? Anauzaje?

DadaGrafiksi: Anazo, mwambie akupimie kwanza kabla hujalipa. Kibatari njoo na mkaa.