Gari moja, zamu ya usiku: nimwambieje mume wangu?

Habari za humu. Tunaishi Uyole. Mimi ni muuguzi mjini, zamu za usiku. Mume wangu ana duka Mbalizi. Gari tulinunua wote na leseni ninayo, ila analishika yeye tu. Mwezi huu wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, natoka zamu nasimama kituoni natetemeka. Nikifika naambiwa "leo si uko mapumziko", na nguo za watoto zinanisubiri. Inaniuma sana.

Jibu: Pole dada. Kulala baada ya zamu si mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mwajiri analipa nyongeza isiyopungua asilimia 5. Mwajiri anautambua uzito huo, mume asiutambue?

Jibu: Nenda na gari jioni, rudi nalo asubuhi, ndipo alichukue. Duka likifunguliwa saa 3 halifi. Mafuta mchangie, ugomvi mwingi huanzia hapo.

Muuliza: Asanteni. Siku za mzigo lazima atoke alfajiri, hizo nitapanda daladala. Nguo tugawane.

Jibu: Mwambie Jumapili mkishakula, si usiku akifunga hesabu.