Tupeane uzoefu: ni picha gani ilikufungua macho ukaanza kuona mwanga?

kamera_ya_mkopo (mwenye uzi)
Wadau, habari za Jumapili. Humu siku hizi tunaulizana bei za lenzi tu, kama watu walioenda mnada wa ng'ombe. Leo tuziache. Kila mtu asimulie picha moja aliyoipiga bila flashi wala taa, hapa hapa Nairobi, ikamfanya aanze kutazama mwanga kabla ya kutazama kitu chenyewe. Semeni saa, mahali, na mlipoboronga.

Naanza mimi. Niliazima kamera kwa binamu, Jumamosi moja nikaenda Arboretum na dada yangu, saa saba mchana, jua la utosi. Nguo nzuri, miti mizuri, dada mwenyewe mrembo. Kufika nyumbani, macho yote ni mashimo mawili meusi na pua imetupa kivuli hadi mdomoni. Tuko digrii moja na ushei tu kusini ya ikweta, na ilikuwa mwezi Machi, wakati jua la saa sita na nusu linapokaa juu ya kichwa kabisa. Sikujua.

Juma lililofuata stima zikapotea, saa kumi na moja jioni. Mama akasogeza ungo mlangoni ili aone mawe kwenye ndengu. Nikapiga kwa simu. Mwanga uliingia upande mmoja, ukalala kwenye mikunjo ya vidole vyake, na jikoni nyuma yake giza totoro. Ndiyo picha yangu pekee iliyotiwa fremu pale nyumbani. Kamera nilimrudishia binamu.

mamaWawili
Yangu ni ya mtoto. Studio moja mjini ilinitoza hela nyingi nikarudi na picha ambayo mtoto amekodoa macho kama aliyeshikwa akiiba sukari. Nikasema basi. Nyumba yetu mtaani Umoja ina dirisha moja la maana, sebuleni. Nikafunga pazia jeupe jepesi, nikamlaza kwenye leso karibu na dirisha, kama hatua moja hivi. Upande wa pili wa uso ukawa mweusi mno, kwa hiyo nikamwambia mkubwa wake ashike manila nyeupe ya shule ili mwanga urudi. Mkono ukamchoka, akaiegemeza kwa mtungi wa maji. Ikafanya kazi vilevile.

Kosa langu: balbu niliiacha ikiwaka. Shavu moja likawa la njano, jingine la samawati. Zimeni taa, jameni. Mwanga wa mchana na wa balbu havipatani.

fundi_wa_begi
Mimi niko soko la Gikomba. Msiniulize picha, ulizeni turubai. Vibanda vingi vimeezekwa turubai la bluu, na chini yake kila mtu anaonekana kama alioga wino. Miezi mizima nilihangaika na programu za simu kuondoa hiyo bluu, nikiiondoa usoni, nyanya zinageuka rangi ya matofali. Siku moja mzee wa kushona viatu alikuja mwenyewe ukingoni mwa turubai kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu ndani haoni. Nikapiga pale pale. Uso uko kivulini lakini unatazama anga, na ule udongo mwekundu wa njiani unarudisha mwanga wa joto chini ya kidevu chake.

Tangu hapo namwomba mtu hatua moja tu: toka ndani mpaka ukingoni, usivuke. Nikishapiga, nachapisha nakala na kumpelekea. Sasa wananiita wenyewe.

Tititi
Naongezea jambo ambalo kwenye mafunzo ya mitandaoni nimelikuta kwa nadra. Ndugu yangu ni mweusi tititi, na kila picha yake simu ilikuwa inamfanya rangi ya majivu. Nilidhani ni ubovu wa simu. Kumbe kipimo cha kamera kinadhani kila inachokitazama ni cha kijivu cha kati. Ukilenga uso mweusi, kinaongeza mwanga mpaka ufanane na hicho kijivu, ngozi inapauka, shati jeupe linaungua kwa mwanga, halionekani hata mkunjo. Akivaa kanzu nyeupe na simu ikapima kanzu, ni kinyume: uso unapotea kabisa.

Nilichofanya: gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ufungie kipimo, kisha shusha ile alama ya kijua kwenye kioo, ndiyo ya kupunguza mwanga, kidogo kidogo hadi ngozi irudi ilivyo. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumgeuza. Ngozi nyeusi inang'aa pale mwanga mpana unapoigusa kwa upande, kwenye shavu na paji. Nilimsimamisha kwenye baraza ya ploti, ukuta wa mbele umepakwa chokaa na jua la saa tatu limeupiga. Ukuta ule ndio uliompiga picha, mimi nilibonyeza tu. Mama aliiona akasema, "Huyu sasa ndiye mwanangu." Nami nikawaza, wale wengine wa albamu nzima walikuwa nani?

mzee_wa_filamu
Vijana mnanifurahisha. Sisi filamu ilikuwa na picha 36 na kuosha ni pesa, kwa hiyo ulikuwa unatazama jua kwanza kwa lazima. Kanuni ilikuwa ya kichwani: jua kali, tundu la lenzi 16 (namba kubwa, tundu dogo) na spidi ikaribiane na namba ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga: filamu ya 100, spidi 125, maana yake sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukiingia kivuli cha wazi, fungua tundu mpaka 5.6. Mpaka leo naangalia barabara nasema namba kimoyomoyo. Mke wangu amezoea.

Aliyenitia hamu ni mpiga picha wa habari Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi hii. Zile picha zake za njaa kule Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, zinaanza na mwanga wa alfajiri. Naona vibaya kuzitaja kama somo la uzuri, maana watu walikuwa wanakufa. Ila nilijifunza kwamba mtu anayefika kabla ya jua anakuta kisichoonekana baadaye. Tangu hapo, saa kumi na mbili kasoro niko nje.

Mgeni2
Na Julai je? Mawingu wiki nzima, anga kama sufuria iliyosuguliwa.

mamaWawili
Mgeni2, Julai ndiyo studio ya bure! Wingu ni pazia langu lile, ila kubwa. Piga saa yoyote, hata saa sita. Ila anga usiiingize kwenye picha.

fundi_wa_begi
Mimi Julai siipendi. Hakuna kivuli, kila kitu kimelala. Nangoja Oktoba, jakaranda zikimwaga maua.

Tititi
Swali dogo: mjini mnapigaje? Nilisimamishwa na askari wa jengo fulani kwa sababu ya simu tu. Nilikuwa napiga dimbwi la mvua!

kamera_ya_mkopo (mwenye uzi)
Tititi, mimi siku hizi naanza na salamu kwa askari, kamera iko begini. Akikataa, naenda zangu. Dimbwi halikosekani Nairobi.

Mgeni2
Haya nimejaribu leo. Niko kituo cha matatu, Thika Road, jua limezama kama dakika kumi. Kumbe hapa giza halina subira, dakika ishirini hivi na kwisha. Anga bluu, taa za matatu nyekundu, kondakta ananing'inia mlangoni. Nimeegemea nguzo nisitikisike, nikapiga saba. Sita ni ukungu mtupu. Ya saba nitaiweka hapa kesho nikinunua bando.