Tiketi ya spidi Virginia, leseni ya Ohio: nalipaje?

MtotoWaPangani:
Habarini wakuu. Leseni yangu ni ya Ohio. Trafiki wa Virginia amenisimamisha kwenye barabara kuu ya I-81 nikiwa maili 89 kwa saa, kibao kinasema 70. Karatasi imeandikwa "Reckless Driving, 46.2-862" (yaani kuendesha kwa hatari, na namba ya kifungu cha sheria), na tarehe ya mahakama ni mwezi ujao. Kwenye tovuti ya mahakama sioni kiasi cha kulipa. Nailipaje bila kurudi huko?

BintiSefu:
Mkuu, huoni kiasi kwa sababu kosa hilo halilipiwi kabla ya kesi. Tiketi ya kawaida ya spidi Virginia unailipa mtandaoni, dola 6 kwa kila maili uliyozidisha pamoja na gharama za mahakama, na ukilipa umekiri kosa. Yako ni jinai: kifungo hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500, na hakimu anaweza kukuzuia kuendesha hadi miezi 6.

Sheria ina milango miwili: kuzidisha kibao kwa maili 20 au zaidi, au kuvuka 85 popote pale. Umezidisha 19 tu, lakini 89 imevuka 85. Kwa spidi hiyo, kama rekodi yako ni safi, jela ni nadra. Cha kuogopa ni rekodi yenyewe: kwenye kumbukumbu za udereva Virginia inakaa miaka 11, na mwajiri akikagua makosa ya jinai ataiona.

Tafadhali usiipuuze eti uko mbali. Usipotokea, hakimu anaweza kukuhukumu ukiwa haupo au kutoa hati ya kukamatwa. Na ukifungiwa kuendesha Virginia, jina linaingia kwenye rejista ya taifa ya madereva. Siku ya kuhuisha leseni Ohio wanaweza kukukatalia.

Mzee wa Korti:
Bi Sefu kamaliza upande wa sheria. Sasa kazi ya kufanya kabla ya tarehe.

Tafuta wakili anayesimama katika mahakama ya kaunti iliyoandikwa kwenye karatasi, si wa Columbus huko kwenu Ohio. Muulize kama hakimu wa pale anakubali wakili aje peke yake. Wengi hukubali, ila spidi ikikaribia 100 hutaka wamwone dereva mwenyewe.

Chukua rekodi yako rasmi ya udereva kutoka Ohio. Fanya kozi ya udereva salama ya saa 8, lakini kwanza uliza kama mahakama hiyo inapokea ya mtandaoni.

Kisha peleka gari likapimwe spidomita. Ikionekana inasoma pungufu, yaani ulidhani uko 84 kumbe 89, hakimu anaruhusiwa kuzingatia. Taarifa ya fundi lazima iwe ya kiapo. Risiti tupu ya gereji hukataliwa. Pima kabla ya kubadilisha matairi, maana saizi ya tairi inabadilisha usomaji.

Lengo ni kosa lishushwe liwe spidi ya kawaida, au "improper driving" (uendeshaji usiofaa), ambalo si jinai na faini yake haizidi dola 500. Ukishindwa, una siku 10 za kukata rufaa, na kesi husikilizwa upya tangu mwanzo.

DerevaWaSemi:
Una CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara? Kama unayo, hesabu inabadilika. Sheria ya shirikisho inakataza majimbo kuficha hukumu ya mwenye CDL, kwa hiyo ile "fanya kozi, kesi ifutwe" haikuhusu hata kama ulikuwa na gari dogo. Ukihukumiwa, mjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Kwenye lori, kuzidisha maili 15 au zaidi ni kosa zito: mawili ndani ya miaka 3 unafungiwa kuendesha malori siku 60, matatu siku 120.

MtotoWaPangani:
Shukrani sana wazee wangu. Sina CDL. Nina grini kadi (ukaazi wa kudumu), nataka kuomba uraia wa Marekani mwakani.

Mzee wa Korti:
Basi mwambie wakili hilo mapema, kabla hajakubaliana chochote na mwendesha mashtaka, na aongee na wakili wa uhamiaji. Fomu ya uraia inauliza hata makosa ambayo hukufungwa, na hukumu ya jinai lazima uitaje. Kesi ikiisha, omba kwa karani nakala ya uamuzi yenye muhuri, uihifadhi. Omba mara tu ikiisha, si miaka mitano baadaye.