Burma Star: utepe uliopauka au utepe mpya?

Kipepeo_Moshi: Wakuu salaam. Nimewekewa nishani mbili za vita, natakiwa niamue kabla ya Jumamosi. Moja utepe umepauka, muuzaji anasema ni wa tangu enzi hizo, bei imesimama. Nyingine utepe mpya, bei karibu nusu. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Sarafu: Nishani gani? Vita ipi? Picha iko wapi? Unatupigisha ramli.

Kipepeo_Moshi: Zote Burma Star, ile nyota ya shaba yenye ncha sita ya waliopigana Burma, Vita Kuu ya Pili. Kamera ya simu imekufa, mkuu.

BintiKibra: Kwanza angalia mistari. Katikati mwekundu mpana, pembeni bluu iliyoiva, na kila bluu ina mstari wa chungwa katikati yake. Upana milimita 32. Halafu nenda kwa wakala wa pesa aumulike kwa taa ya noti. Nyuzi za siku hizi huwaka bluu-nyeupe.

Dereva_Tunduma: Taa isikudanganye. Utepe wa 1945 ukifuliwa kwa sabuni ya unga nao unawaka. Chomoa uzi mmoja uchome: poliesta, uzi wa siku hizi, inayeyuka na kuganda kitone kigumu, pamba inanuka karatasi.

Mzee_wa_Sarafu: Uchome mali ya mtu hujalipa hata senti? Haya.

Pwani_Mkavu: Mimi niliuziwa Africa Star, nyota ya vita hiyo hiyo kwa waliopigana Afrika, utepe umechakaa vizuri mno. Ule una rangi ya mchanga, mwekundu katikati, bluu iliyoiva upande mmoja na bluu ya anga upande wa pili. Muuzaji akaapa ni ya babu yake. Masika yalipoingia, kabati zima likanuka majani ya chai! Kumbe utepe ulichovywa kwenye chai uonekane wa zamani. Nikauchomoa kwenye pete ya nishani. Utepe wa kweli, kile kipande kilichojikunja huwa bado kimekoza, maana jua halikifikii. Wangu umefifia sawasawa mbele, nyuma, hadi ndani ya kunjo. Nilipompigia, namba haipatikani.

Mjukuu_wa_Keya: Wazee wetu walipigana Bonde la Kabaw, huko Burma, 1944, leo mnabishania nyuzi. Nishani za familia haziuzwi.

BintiKibra: Familia ipi? Nyota hizo Waingereza walizitoa bila jina la askari.

Mzee_wa_Sarafu: Ndiyo maana nasema achana na nyota. Tafuta British War Medal ya Vita Kuu ya Kwanza: ukingoni pamegongwa kwa chapa namba, cheo, jina na K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Utepe hata ukiwa wa jana, poa. Askari wenyewe walikuwa wanabadilisha ukichakaa.

Dereva_Tunduma: Na ukingo nao husuguliwa ukachongwa upya. Upime kipenyo cha nishani, iliyosuguliwa hupungua.

Kipepeo_Moshi: Kwa hiyo nichukue ile ya bei rahisi?

Mzee_wa_Sarafu: Picha kwanza.

Mjukuu_wa_Keya: Pwani, hiyo ya chai bado unayo? Unaiachia kwa bei gani?