FAMILIA YA NDAHANI (Mvumi na Mjini)

Neema, 06:12
Shikamooni wakubwa. Majibu ya CT ya mishipa ya Shangazi Yulita yametoka. Ule uvimbe wa shingoni siyo tezi kama tulivyodhani, umekaa pale mshipa mkubwa wa damu ya ubongo unapogawanyika, una sentimita 4. Daktari kasema ni aina ya 2, umeanza kuukumbatia mshipa ila haujauzunguka wote, ukifika ya 3 kuutoa ni kazi ngumu zaidi. Unakua polepole na mara nyingi siyo kansa. Rufaa ya Muhimbili tunayo. Nataka kujua nani anatoa damu, nani anamsindikiza, na hela inapatikana wapi

Neema, 09:40
Naona mnasoma tu

Baraka, 10:02
Mimi nasindikiza ila iwe SGR na siti ya dirishani

Debora, 10:03
😂😂😂 Baraka na dirisha

Baraka, 10:05
Kuangalia Morogoro ni dhambi?

Neema, 10:06
Jamani naomba tusitoke kwenye mada

Mama Tumaini, 11:30
Pole sana wifi yangu. Kwani wasimtoe kanyama kadogo wakapime kwanza, mpaka shingo ipasuliwe?

Neema, 11:34
Hapana mama mdogo, hilo ndo wamekataza kabisa, ule uvimbe ni mishipa mitupu, ukikata kipande damu inaweza kugoma kusimama. Picha zinatosha. Wanaweza kuziba kwanza vimishipa vinavyoulisha, siku moja au mbili kabla ya operesheni, ili usivuje sana. Na awepo daktari wa mishipa ya damu maana mshipa wenyewe ukiharibika inabidi waunge kwa mshipa wa mguuni. Hatari ipo sitaki kuwaficha, kiharusi kinaweza kutokea, na neva za ulimi na sauti zinapita palepale, anaweza kuamka sauti imekauka au anapaliwa na maji

Debora, 11:41
Sauti?? Kwaya itapona kweli

Baraka, 11:42
Na sisi tutapumzika kugombezwa 😂

Joshua, 13:15
Neema huo uvimbe ukiushika unasogea kulia na kushoto ila juu na chini haukubali? na unadunda?

Neema, 13:16
Ndiyo. Umejuaje

Joshua, 13:20
Wa baba ulikuwa hivyohivyo, mpaka yule mtu wa mtaani aliposema ni jipu akamkata

Neema, 13:31
Joshua hata mimi nilikuwa nakutafuta. Daktari kauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuwa nao, kuna aina ya kurithi, na kuna ile inayojitokeza kwa aliyeirithi kwa baba. Wewe na dada zako mkapige altrasaundi ya shingo, pande zote mbili, hata kama hamuoni kitu

Mama Joshua, 15:02
Mimi niliambiwa nimemloga mume wangu kwa sababu ya shamba la zabibu la Hombolo. Waliosema wamo humu

Debora, 15:10
Mama mkubwa yale yalishapita

Mama Joshua, 15:11
Kwako

Babu Elia, 17:48
Naandikiwa na mjukuu. Yulita apasuliwe na mwenye kazi yake, asiguswe na mtu mwingine, wala asipelekewe dawa ya kupaka. Amosi na Yulita wametoka kwa baba mmoja, ugonjwa nao umetoka humohumo ndani. Mke wa Amosi hakumloga mtu. Na mimi nilikuwepo wakati anatolewa shambani nikanyamaza. Nitakwenda kwake mwenyewe. Dume langu jekundu lipelekwe Msalato Jumamosi liuzwe

Mama Tumaini, 18:20
Tumekusikia baba

Baraka, 18:26
Babu shikamoo. Mimi natoa damu, ni O

Neema, 18:30
Asanteni. Dume nani analipeleka mnadani? Na Dar nani anakaa naye wodini, mimi likizo sijapewa. Tarehe bado, wanasubiri kipimo cha homoni za presha, uvimbe huu mara chache unazitoa na lazima wajue kabla ya nusukaputi

Joshua, 20:05
Mimi ntaenda kupima wiki ijayo. La mnadani mniache kwanza

Neema, 20:07
Kwa hiyo dume nani?

Mama Tumaini, 21:13
Na bima inalipa yote au kuna mchango?