Naomba ushauri: mvinyo wa njano wa Jura na kuku wa nazi, vitaendana?

Habari zenu wapendwa. Naishi Ufaransa, na wiki iliyopita nilifika Arbois, mji mdogo wa Jura upande wa mashariki, karibu na Uswisi. Ndiko alikokulia Louis Pasteur, yule mwanasayansi wa vijidudu. Nikanunua chupa moja ya vin jaune, yaani huo mvinyo wa njano, kwa mkulima mwenyewe. Bei iliniuma, lakini aliponishusha kwenye ghala la mapipa nikaelewa.

Zabibu ni aina moja tu, Savagnin. Mvinyo unalala kwenye pipa la mwaloni zaidi ya miaka 6 bila kuongezewa hata tone. Unapungua wenyewe, na juu yake hamira inatanda ngozi nyembamba ya kijivu, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ndiyo maana chupa yake, clavelin, ni ya sentilita 62. Wenyeji husema ndicho kinachobaki katika kila lita.

Nilipoonja nilishtuka: uwatu! Uwatu kabisa, ule wa jikoni kwa bibi, na lozi zilizokaangwa.

Sasa Jumamosi wakwe zangu wanakuja. Wenyeji wa Jura humpika kuku kwa krimu, mvinyo huohuo na uyoga wa morille, ila bei ya uyoga huo mfuko wangu hauiwezi. Nikipika kuku wa nazi, bila pilipili, ladha zitagombana? Au niwape tu na jibini la Comté? Na chupa niifungue asubuhi, au usiku wa kuamkia? Aliyewahi kujaribu anisaidie, nataka sana wafurahi.